Kabla Hujafungua Mota ya Hatua

Fundi wa Nyanda za Juu Kusini akiletewa mota iliyokufa, mara nyingi hushika spana kabla ya kushika mita. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu ujasiri huo wa kufungua ndio umezifanya mashine za kusaga za Uyole, Igawa na Makambako zisisimame miaka yote hii. Mota ya mashine ya kusaga inaungua, fundi anaifungua, anaitoa rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, na kuiweka kando, anakata waya uliokuwa mweusi, anasuka mwingine, anapaka vanishi na kuirudisha, na kesho yake unga unatoka kama kawaida. Mota ya aina hiyo haina sumaku ya kudumu ndani yake. Rota yake ni bamba za chuma na vipande vya alumini tu, na hata ikikaa juu ya rafu mwezi mzima ikisubiri mwenye mashine atafute fedha za waya, itarudi mahali pake bila kupungukiwa na chochote.

Mota ya hatua, ambayo mafundi wengi huiita stepa, ni kitu kingine kabisa, na ndiyo sababu naandika makala hii. Mota hizi zimeingia kwetu kimyakimya katika mashine ambazo miaka ya nyuma hatukuwa nazo: mashine za kudarizi zinazoongozwa na kompyuta, ambazo huandika majina ya shule kwenye masweta, mashine za kuchonga milango huko Mafinga zinakopita mbao za Sao Hill, mashine za kukata stika za magari, mashine za fotokopi zilizojaa karibu na kila chuo Mbeya na Iringa, na printa za aina zote. Zinapoharibika zinafika mezani kwa fundi yuleyule wa kusuka mota, naye huzifungua kwa nia njema na kwa ustadi uleule. Mara nyingi mota iliyofika mezani ikiwa nzima huondoka ikiwa imejeruhiwa, na hakuna anayeona jeraha hilo, kwa sababu halina harufu ya kuungua wala waya uliokatika.

Ili hatari hii ieleweke, ni lazima kwanza tuione mota ilivyo kwa ndani. Aina inayotumika zaidi katika mashine za kazi ni ile inayochanganya sumaku ya kudumu na meno ya chuma. Katikati ya shafti pana sumaku moja ya mviringo, ambayo ncha yake ya kaskazini inaelekea upande mmoja wa shafti na ya kusini upande wa pili. Kila ncha imevishwa kikombe cha chuma chenye meno 50 kwenye ukingo wake, na vikombe hivyo viwili vimepishana kwa nusu ya jino, yaani pale kimoja kina jino, kingine kina bonde. Rota hiyo imezungukwa na stata, ile sehemu isiyozunguka, ambayo kwa kawaida ina nguzo 8 zilizosukwa koili, na uso wa kila nguzo nao umechongwa meno madogo. Umeme unapopita kwenye koili moja na kisha nyingine, meno ya rota huvutwa kujipanga na meno ya stata, na kila mvuto mmoja ni hatua moja. Meno 50 yakizidishwa kwa hali nne za umeme hutoa hatua 200 kwa mzunguko mmoja, ambazo ni nyuzi 1.8 kila moja.

Kati ya meno ya rota na meno ya stata kuna uwazi mdogo sana, ambao katika mota nyingi hauzidi sehemu ya kumi ya milimita na mara nyingi ni nusu ya hapo. Udogo huo una sababu. Mistari ya nguvu za sumaku hutoka kwenye kikombe cha kaskazini, huruka uwazi huo, hupita ndani ya chuma cha stata, huruka tena upande wa pili na kuingia kwenye kikombe cha kusini. Njia yote ni chuma isipokuwa kaupenyo kale kembamba, na kwa sababu hiyo sumaku hufanya kazi yake bila kuelemewa. Watengenezaji wengi huitia sumaku rota ikiwa tayari ndani ya mota iliyokwisha kufungwa, kwa kupitisha mpigo mmoja mkubwa wa umeme kwenye koili maalumu inayoizunguka mota nzima. Sumaku hiyo huzaliwa imezungukwa na chuma, na haikukusudiwa itolewe humo hata siku moja.

Fundi anapoivuta rota nje, njia ile ya chuma hukatika ghafla. Mistari iliyokuwa ikipita kwenye stata sasa inalazimika kupita hewani, na hewa huipinga sumaku kwa nguvu kiasi kwamba sumaku yenyewe huanza kujifuta. Ukiirudisha rota ndani dakika moja baadaye, chuma kimerudi lakini nguvu iliyofutika hairudi. Hakuna usafi, uangalifu wala wepesi wa mikono unaozuia jambo hili, kwa kuwa hasara hutokea katika kitendo chenyewe cha kutoa. Ndiyo maana nasema kwamba ustadi wa fundi hapa haumwokoi, na kwamba kumlaumu kwa uzembe ni kumwonea.

Ukubwa wa hasara hutegemea sumaku imetengenezwa kwa nini. Mota za zamani, ambazo bado tunazipata kwenye mashine kuukuu zinazoshushwa na makontena ya mitumba, nyingi zilitumia aloi ya alumini, nikeli na kobalti inayojulikana kama alniko. Alniko huvumilia joto kali vizuri sana, lakini hufutika kwa urahisi mno, na rota yake ikitoka nje mara moja mota hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Sumaku za neodimiamu, zilizoanza kuingia sokoni miaka ya 1980, ni ngumu zaidi kuzifuta kwa njia hiyo, na mota mpya zenye sumaku hiyo zinaweza kutolewa rota zikapoteza kidogo tu. Shida ni kwamba juu ya ganda la mota hakuna palipoandikwa aina ya sumaku iliyomo, na fundi anayefungua mota asiyoijua anacheza kamari kwa mali ya mteja. Neodimiamu nayo ina udhaifu wake: ile ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo fundi anayepasha moto shafti ili beringi iteleze anaweza kuifuta kwa moto sumaku ambayo uwazi wa hewa ulishindwa kuifuta.

Naziweka kando mota ndogo za kopo, kama zile za volti 5 zenye giya za plastiki ambazo wanafunzi wa elektroniki hujifunzia, na nyingi za zile zinazovuta karatasi kwenye printa. Hizo hutumia sumaku ya feraiti yenye nguvu ndogo lakini isiyofutika ovyo, na kuzifungua hakuziumizi sumaku. Huumia giya zake na ganda lililokunjwa kiwandani, ambalo likishanyanyuliwa halirudi kubana kama mwanzo.

Sasa nieleze kwa nini kupungua kwa nguvu ni balaa kubwa kuliko mota kufa kabisa. Mashine nyingi zinazotumia mota za hatua hazina kifaa cha kukagua kama shafti imefika pale ilipoagizwa. Kompyuta inahesabu mipigo inayotuma na kuamini kwamba kila mpigo umetekelezwa. Mota iliyopoteza nguvu, ikiwa mezani bila mzigo, huzunguka vizuri kabisa. Mteja anaona, anafurahi, analipa na kuondoka. Ikirudi kwenye mashine ya kuchonga na kukutana na fundo gumu la ubao, inashindwa kwa kitambo kidogo, meno ya rota yanaruka hadi kwenye mkao unaofuata unaofanana na ule wa awali, kisha kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mruko huo haupungui hatua nne kamili, yaani nyuzi 7.2. Kwenye mashine yenye skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko, kila mruko ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye mashine ya mkanda wenye meno ya milimita 2 na puli ya meno 20, ambapo mzunguko mmoja ni milimita 40, mruko huohuo ni milimita 0.8.

Mwenye karakana haoni mota mbovu. Anaona mlango ambao ua la chini limekaa sawa na ua la juu limehamia pembeni, au jina la shule ambalo herufi zake tatu za mwisho zimepanda juu ya mstari. Atabadilisha programu, atailaumu kompyuta, atamlaumu kijana anayeisimamia mashine, atanunua mbao nyingine. Nimeona mbao nzuri za msindano zikigeuzwa kuni kwa sababu hiyo, na nimeona vijana wakikatwa ujira kwa kosa ambalo lilifanyika juma lililotangulia kwenye meza ya mtu mwingine kabisa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika jambo hili.

Sumaku ikinusurika, bado chuma kina madai yake. Rota iliyotolewa nje ni sumaku tupu iliyo wazi, na karakana zetu zimejaa vumbi la chuma kutoka kwenye grainda, drili na msasa. Kipande kimoja chembamba kuliko unywele kinatosha kujaza uwazi wa sehemu ya ishirini ya milimita, na kikishanasa kwenye mabonde ya meno hakitoki kwa kupulizwa wala kwa kitambaa. Kinang'olewa kwa tepu yenye gundi nzito, ikibandikwa na kubanduliwa meno kwa meno mpaka tepu itoke safi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na upepo ukipeperusha vumbi jekundu barabarani, kufungua mota mlangoni mwa duka ni kuualika mchanga. Thina na petroli ambazo wengine huoshea mota hulainisha vanishi ya koili na kuiondoa grisi ya beringi, mbali na hatari ya moto ambayo kila fundi anaijua.

Vifuniko vya mbele na nyuma navyo vina siri yake. Katika mota nyingi, tundu la stata na mashimo ya beringi husawazishwa pamoja kiwandani, hivyo kifuniko kikigeuzwa robo mzunguko wakati wa kufunga, rota inaweza kukaa nje ya katikati kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona lakini ule uwazi mdogo unakihisi. Matokeo ni mota inayosugua, inayopata joto upande mmoja, au inayonguruma kwenye mwendo fulani. Washa ya mawimbi, yaani kile kipete chembamba cha chuma kilichopindapinda kilicho nyuma ya beringi, ambayo huisukuma rota ikae imara mbele, hudondoka na kusahauliwa chini ya meza, na shafti hubaki ikicheza mbele na nyuma. Nyundo nayo haina nafasi hapa: pigo moja kwenye shafti huacha alama kwenye njia ya gololi za beringi, na sumaku ya neodimiamu hupasuka vipande vyenye makali. Vidole pia vijihadhari, maana rota ya mota kubwa ikirudi ndani huvutwa kwa ghafla, na ngozi iliyopo kati ya kifuniko na stata hubanwa bila huruma.

Kuna watu wanaofungua mota bila kujua kwamba wameifungua. Nyuma ya mota ya hatua kuna skrubu nne ndefu zinazoshikilia vifuniko vyote viwili, na mtu anayetaka kuing'oa mota kwenye mashine huzilegeza akidhani ndizo zinazoifunga kwenye fremu. Kosa la upande wa pili ni la skrubu ndefu kupita kiasi. Mota ndogo ya uso wa milimita 42, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, ina mashimo ya mbele ya skrubu za milimita 3 yenye kina cha karibu milimita 4.5 tu. Fundi akikosa skrubu fupi akatumia ndefu, ncha yake huendelea ndani hadi kwenye koili, na mota huungua ikiwa mpya kabisa.

Kwa upande wa umeme, kitu kinachokufa kwanza kwa kawaida huwa driva, yaani saketi inayozilisha koili za mota umeme. Kuchomoa waya za mota wakati mashine imewashwa hukata ghafla mkondo uliokuwa ndani ya koili, na koili hujibu kwa volti kubwa inayoua driva papo hapo. Hata mashine ikiwa imezimwa, kuizungusha shafti kwa haraka kwa mkono hufanya mota kuwa jenereta, na umeme wake huingia kwenye driva kwa njia ya kinyume. Wengi wameona taa ndogo za bodi zikiwaka mashine ikiwa imezimwa na wakashangaa zimetoa wapi umeme.

Mama mmoja mwenye karakana ya kudarizi aliniletea mota aliyokwisha kuambiwa kwamba inatakiwa kusukwa upya. Alinisalimia, akaiweka mezani, akasema, "Baba, nimeambiwa waya umeungua ndani, wanataka nilipie kusuka." Kusuka mota ya hatua ni jambo ambalo simshauri mtu yeyote alijaribu, kwa kuwa koili zake zimesukwa kwa mashine kwenye nguzo zilizobanana mno, na ili kuzifikia ni lazima kwanza rota itoke. Nilipima koili zote mbili: zilikuwa sawa, ohamu chache kila moja, na hakukuwa na njia yoyote kati ya waya na ganda. Tatizo lilikuwa kwenye soketi, ambapo pini moja ilikuwa imelegea na kuungua. Mashine yake ilirudi kazini kwa soketi mpya, na mota yake haikuguswa.

Kipimo hicho kinaweza kufanywa na yeyote mwenye mita ya kawaida. Mota ikiwa imechomolewa na waya zake hazigusani, izungushe shafti kwa vidole: inapaswa kupita ikihisiwa vijimkwaruzo vidogo vilivyo sawa kila mahali. Unganisha ncha mbili za koili moja, izungushe tena, na itakuwa nzito. Fanya hivyo kwa koili ya pili, na uzito uwe uleule. Mota iliyo nzito hata waya zikiwa huru huenda ina koili zilizogusana ndani, hali ambayo mita inaweza isiionyeshe kwa kuwa tofauti ya ohamu ni ndogo. Njia bora kuliko zote ni kulinganisha, kwani mashine nyingi zina mota mbili au zaidi zinazofanana. Badilisha mota hizo nafasi: tatizo likihama na mota, mota ndiyo mbovu, likibaki pale lilipokuwa, tafuta kwenye driva, waya, soketi, au ile skrubu ndogo ya puli ambayo hulegea na kuiacha shafti ikizunguka peke yake. Kwa uzoefu wangu, mota yenyewe huwa ya mwisho katika orodha hiyo.

Naelewa kinachowasukuma watu kufungua. Mota nyingine ya aina ileile huenda iko Kariakoo, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Basi litaileta kesho kama fedha ipo leo, lakini mara nyingi fedha haipo, na mteja wa masweta anataka mzigo wake shule inapofunguliwa. Umasikini wa muda na wa fedha ndio unaowafanya mafundi waaminifu wafungue mota ambazo hawakupaswa kufungua. Mimi naona ni afadhali karakana tatu au nne za mtaa mmoja zichange na kuweka mota mbili za akiba kabatini, za uso wa milimita 42 na za milimita 57, kuliko kila mmoja kufika usiku wa manane na bisibisi mkononi.

Ipo sababu moja ya kufungua ambayo naikubali, nayo ni beringi. Ikianza kulia au kukwama, mota inaweza kuokolewa bila rota kutoka ndani ya stata. Chora kwanza mstari wa alama unaovuka kifuniko, stata na kifuniko cha pili. Ondoa kifuniko cha upande mmoja tu na uuache wa pili ukiishikilia rota, kwa kutumia skrubu zilezile zilizokatiwa vipande vya bomba dogo ili zifike urefu unaotakiwa. Vuta beringi kwa pula ndogo yenye kucha, ingiza mpya kwa kusukuma ringi yake ya ndani na si ya nje, rudisha kifuniko kwenye alama yake, kisha rudia upande wa pili. Kwa njia hii sumaku haijawahi kuona hewa. Kama rota ni lazima itoke, itoke moja kwa moja kuingia kwenye bomba la chuma lenye kipenyo kinachoikaribia, ili mistari ya sumaku ipate njia nyingine ya chuma, na ikae humo mpaka saa ya kurudi.

Wapo watakaouliza kama sumaku iliyofifia haiwezi kuchajiwa upya. Inaweza, kwa mpigo mkubwa wa umeme kutoka kwenye kapasita zilizojazwa mamia ya volti na kumwagwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nawasihi vijana wasijaribu kutengeneza kifaa hicho mezani. Kapasita za namna hiyo hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani, na mguso mmoja kati ya mkono wa kulia na wa kushoto unatosha kumsimamisha mtu moyo.

Kwa mota iliyokwisha kufunguliwa, kinachobaki ni kuipima. Funga mkono wa ubao wa sentimita 10 kwenye shafti, pitisha kwenye koili zote mbili mkondo ulioandikwa kwenye lebo ya mota, kisha vuta ncha ya ubao kwa mizani ya kuning'iniza mpaka shafti iruke. Mota ndogo ya nguvu ya nyutoni mita 0.4 inapaswa kuihimili mizani hadi karibu gramu 400. Pima na pacha wake ambayo haijafunguliwa, kwa mkondo uleule. Ikivuta pungufu kwa kiasi kinachoonekana, haifai kurudi kwenye kichwa cha mashine ya kuchonga, ingawa inaweza kusukuma karatasi au kugeuza reli nyepesi kwa miaka mingi. Iandikwe ganda zima kwa wino usiofutika kwamba imefunguliwa, mwezi gani, na ilivuta gramu ngapi, ili atakayeinunua kesho Mwanjelwa ajue anachonunua.